CRP ya mama: karatasi moja 4.1, nyingine 48. Wajuvi wa maabara mliopo Tanga, naomba mnisomee

#1 BintiMakorora

Habari za jioni wakuu. Uzi utakuwa mrefu kidogo, mnivumilie.

Mama yangu ana miaka 58. Tangu kabla ya Ramadhani vidole vinamtesa: vifundo vya mwanzo na vya katikati, mikono yote miwili, pamoja na vifundo vya mikono yenyewe. Asubuhi hawezi kukunja ngumi. Nazi hakuni mpaka jua lipande. Mashangazi wameshakaa kikao wakaamua ni baridi, apake mafuta ya karafuu. Jirani kasema gauti, aache nyama. Na mwingine kasema katupiwa kitu, si mnaijua Tanga.

Tumepima sehemu mbili, wiki chache zimepita katikati. CRP na ESR walituambia ni vipimo vya damu vya kuonyesha kama mwili una mchochota, yaani uvimbe na moto wa ndani.

Karatasi ya kwanza: CRP 4.1, ESR 62, RF (kile cha baridi yabisi) hasi, asidi ya yuriki (ile ya gauti) ya kawaida, Hb (wingi wa damu) 10.2.
Karatasi ya pili: CRP 48, ESR 66.

Aliyetupa karatasi ya pili akamwambia mama "mama, huu ugonjwa umepanda zaidi ya mara kumi". Tangu hapo usingizi hana. Lakini mimi naishi naye, maumivu ni yale yale, hayajazidi wala kupungua. Sasa kipi ni kipi? Na kama RF ni hasi, si ndiyo kusema hana baridi yabisi?

#2 MkongeMkavu

Pole sana dada. Usihangaike na karatasi. Shangazi yangu wa Pongwe CRP ilikuwa 60, kaumwa mafua makali na viungo. Kanywa unga wa majani ya mlonge wiki moja, kupima tena 8. Hospitali watamalizia hela zenu.

#3 ChupaNyekundu

Dada, kabla sijasema lolote: pembeni ya hizo namba za CRP pameandikwa nini? Zote mbili. Andika kama ilivyo, hata kama huielewi.

#4 BintiMakorora

Ya kwanza imeandikwa mg/dL. Ya pili imeandikwa CRP lateksi, chanya, 48 mg/L, halafu kwa kalamu 1:8.

#5 ChupaNyekundu

Nilijua tu. Mama alale, ugonjwa haujapanda mara kumi.

Desilita ni sehemu ya kumi ya lita. 4.1 kwa desilita ni 41 kwa lita. Hapo tayari 41 na 48 zinatazamana.

Halafu ile 48 haikusomwa na mashine. Kipimo cha lateksi ni cha macho. Kuna chembe ndogo nyeupe zilizopakwa kingamwili inayokamata CRP. Unadondosha tone la seramu ya mgonjwa (maji ya damu yaliyotengwa na seli) kwenye kibao cheusi, unachanganya na zile chembe, unazungusha kama dakika mbili, unaangalia kama imeganda vipunje vipunje. Vifaa vingi vimetengenezwa vianze kuganda CRP ikifika 6 hivi kwa lita. Ikiganda, unaizimua seramu kwa maji ya chumvi: nusu, robo, moja ya nane, moja ya kumi na sita. Mzimuo wa mwisho ulioganda ndio jibu lako, unauzidisha kwa 6. Ndiyo maana majibu ya lateksi ni 6, 12, 24, 48, 96. Hakuna 41 huko, wala 55. Ile 1:8 ya kalamu ndiyo iliyozaa 48: nane mara sita. Maana yake ni "kama 48 au juu yake, haijafika 96", na hata hapo fundi wawili wakiangalia kibao kimoja wanaweza kupishana ngazi moja. Damu yenye 41 ikipelekwa kwenye lateksi, leo inaweza kutoka 24, kesho 48. Ukiambiwa "imepanda maradufu" na karatasi zote ni za lateksi, jua imesogea ngazi moja tu.

(Lateksi ina ujanja mwingine. CRP ikiwa juu kupita kiasi, seramu isiyozimuliwa inaweza isigande kabisa, ukaandika hasi mtu anaungua. Fundi mwenye akili akiona mgonjwa hali mbaya anazimua hata kama tone la kwanza halikuganda.)

Kwa hiyo karatasi zako mbili zinasema jambo moja kwa lahaja mbili. CRP ya mama ipo arobaini na kitu kwa lita, wakati mtu asiye na tatizo kwa kawaida yuko chini ya 5, baadhi ya maabara wanaandika chini ya 10. Ipo juu kweli, ila ilikuwa juu hivyo hivyo tangu mwanzo.

#6 BintiMakorora

Kaka Mungu akubariki, namsomea mama sasa hivi. Na ESR je? Mashangazi wanasema 66 ni presha ya damu. 😅

#7 ChupaNyekundu

Waambie mashangazi presha ina mashine yake.

ESR haipimi protini moja kwa moja. Tunasimamisha damu kwenye mrija wa Westergren saa moja, tunasoma seli nyekundu zimezama milimita ngapi. Kwenye damu kuna protini inaitwa fibrinojeni. Mwili ukiwa na mchochota, ini linaitoa kwa wingi, na seli nyekundu zinaanza kubebana kama chapati kwenye sahani. Zikibebana zinakuwa nzito, zinazama haraka. Robin Fåhraeus wa Sweden ndiye aliyeifanyia kazi hii mwaka 1918, na mwanzoni alidhani amepata kipimo cha mimba, maana damu ya wajawazito inazama upesi. Ni kweli inazama upesi. Tatizo ni kwamba hata ya mgonjwa wa TB inazama upesi.

Na hapo ndipo udhaifu wake ulipo: kila kitu kinaisukuma. Umri unaipandisha. Kwa mwanamke kuna hesabu ya haraka: umri jumlisha kumi, gawa kwa mbili. Mama yako, 58 na 10 ni 68, nusu yake 34. Hiyo ndiyo dari yake, si ile 20 iliyochapwa kwenye karatasi. Upungufu wa damu nao unaipandisha, na Hb ya 10.2 tayari ni sababu. Chumba chenye joto kinaipandisha, na nyinyi wa Tanga mnajua maabara isiyo na kiyoyozi mwezi wa pili inakuwaje. Mrija ukiinama kidogo tu, inapanda. Damu ikikaa mezani zaidi ya saa nne kabla ya kupimwa, usiiamini.

Kwa hiyo 62 na 66 kwangu mimi ni kitu kimoja. Sitakesha kwa ajili ya 4.

#8 TabibuMstaafu_Raskazone

Nimeupenda uzi huu. Fundi kasema ya chupa, mimi niseme ya mgonjwa.

Mwanangu BintiMakorora, uliyoyaandika kwenye aya yako ya kwanza yana uzito kuliko karatasi zote mbili. Vifundo vidogo vya vidole, mikono yote miwili, kukakamaa asubuhi kwa muda mrefu, mwanamke wa makamo, na imepita zaidi ya wiki sita. Hiyo ni sura ya baridi yabisi ya kingamwili, yaani kinga ya mwili inashambulia maungio yake yenyewe, mpaka ithibitike vinginevyo. Gauti mara nyingi huanza na kidole gumba cha mguu, usiku, upande mmoja, na kwa moto kweli kweli.

Kuna vigezo ambavyo madaktari wa maungio wa Marekani na Ulaya walivitoa pamoja mwaka 2010. Jumla ni alama kumi, na ukifikisha sita unahesabiwa unao. Maungio madogo yaliyovimba yanaweza kukupa mpaka alama tano. RF na anti-CCP (kipimo kingine cha damu cha baridi yabisi) kwa pamoja mpaka tatu. Kuumwa wiki sita na zaidi, moja. CRP na ESR, zote mbili kwa pamoja, alama MOJA. Ndiyo hiyo moja iliyomnyima mama usingizi.

RF hasi isikutulize. Wagonjwa wa kweli wenye RF hasi si wachache, na upande wa pili RF chanya inatoka kwa mtu mwenye TB, homa ya ini C, hata malaria, hata mzee mzima asiyeumwa chochote. Mwombe daktari anti-CCP. Hiyo ikitoka juu, ni mara chache imsingizie mtu.

Na kwa sisi wa pwani kuna jambo moja lazima litangulie. CRP inapanda sana kwa malaria. Mtu ana homa, viungo vinauma, CRP 80, anakimbilia kusema kingamwili. Pima malaria kwanza, kipimo cha haraka kinachukua muda mfupi tu. Vilevile chikungunya. Ugonjwa huo ulielezwa mara ya kwanza nchini kwetu, uwanda wa Makonde, mlipuko wa 1952 hadi 1953, na unaweza kumwachia mtu maumivu ya vifundo miezi mingi baada ya homa kuisha, mikono yote miwili, unafanana na baridi yabisi kama pacha. Je, mama alianza kwa homa kali ya ghafla?

#9 BintiMakorora

Shikamoo mzee wangu. Hapana, hakuwa na homa. Ilikuja polepole, akidhani ni kazi. Malaria tulipima, hana.

#10 MuhezaKwaMachungwa

Nina swali langu hapa hapa. Mdogo wangu ana selimundu. Goti lilivimba, likawa la moto, ESR ikatoka 3. Tukaambiwa hana kitu. Baadaye ikagundulika goti lina usaha. Sasa hiyo ESR ilikuwa inapima nini?

#11 ChupaNyekundu

Pole ndugu yangu. Seli za selimundu zimepinda, haziwezi kubebana, kwa hiyo hazizami haraka hata fibrinojeni ijae. Kwa mwenye selimundu ESR ndogo haina maana yoyote, isitumike kumrudisha mtu nyumbani. Hapo CRP inasaidia zaidi kwa kuwa inapimwa kwenye seramu, umbo la seli haliigusi. Ila goti la moto lililovimba linachomwa sindano maji yatolewe, yaangaliwe. Damu ya mkononi haitoshi.

#12 MkongeMkavu

Mbona mlonge hamjaujibu? Ama wataalamu mmekwama.

#13 ChupaNyekundu

Hatujakwama kaka, tulikuwa tunahudumia wagonjwa.

Umeandika mwenyewe kwamba shangazi alikuwa na mafua makali siku aliyopima 60. CRP ikishatengenezwa inakaa kwenye damu muda mfupi: kila baada ya saa 19 hivi nusu yake inaondoka. Chanzo kikizimika, 60 inakuwa 30, kesho yake chini ya 15, na kuendelea. Ndani ya wiki moja mafua yameisha na CRP imeshuka, ungekunywa mlonge, ungekunywa togwa, ungekunywa maji ya bomba. Mlonge ni mboga nzuri, nami naula. Lakini kama kweli ni baridi yabisi, pima leo, pima baada ya miezi miwili, na useme vidole vikoje.

Ndiyo maana pia ESR inachelewa kushuka. Fibrinojeni inakaa siku kadhaa, si masaa. Mtu katibiwa nimonia, CRP imerudi chini, ESR bado 50, anaanza kulia dawa haijafanya kazi.

Hata ugunduzi wenyewe wa CRP ulianzia hapo hapo kwenye kupona. Mwaka 1930, New York, Taasisi ya Rockefeller, William Tillett na Thomas Francis walikuwa na wagonjwa wa nimonia. Wakichanganya seramu ya mgonjwa na kitu fulani kutoka kwa bakteria wa nimonia walichokiita C, yanatokea mashapo. Mgonjwa akipona, hayatokei tena. Herufi C kwenye jina ni hiyo. Baadaye ikajulikana si ya nimonia peke yake: ini linaitengeneza likipata amri ya interlukini-6, kemikali ya kinga, kutoka popote penye mchochota. Popote. Kidole, jino bovu, bawasiri iliyowaka, goti. Ukiwa mnene, mafuta ya tumboni nayo yanatoa interlukini-6 kidogo kidogo, CRP inakaa juu ya kawaida bila mtu kuumwa.

#14 Zuhura_wa_Ngamiani

Mimi nina lupasi, ugonjwa wa kinga kuushambulia mwili wenyewe, mwaka wa kadhaa sasa. Nataka dada BintiMakorora ajue upande wa pili. Kwangu ugonjwa ukiwaka, viungo, vidonda mdomoni, nywele, ESR inapaa, lakini CRP inabaki ndogo. Kuna daktari aliyewahi kuniambia "CRP yako safi, unajiendekeza". Niliyempata baadaye alinieleza kwamba kwenye lupasi ndivyo inavyokuwa mara nyingi. Akaniambia CRP yangu ikipanda sana siku moja, nisiseme ni lupasi imewaka, nitafute maambukizi kwanza. Imeshanisaidia, mapafu yaliwahiwa.

#15 TabibuMstaafu_Raskazone

Bibie umesema kweli kabisa, na huyo wa kwanza asamehewe ila asifuatwe. Kwenye lupasi kuna kemikali nyingine za kinga, interferoni, zinazoonekana kulizuia ini kutoa CRP.

Na hata baridi yabisi ya kweli inaweza kuwa na CRP ya kawaida wakati kifundo kinaliwa. Mkono ubonyezwe. Mgonjwa mwenye maungio yaliyovimba na CRP 3 bado ana maungio yaliyovimba.

#16 ChumbageniBoy

Wakuu mbona mnazunguka. Kuna duka la dawa wanachoma sindano moja, bi mkubwa wangu alikuwa hatembei, siku ya pili yuko sokoni anachagua samaki. Nikupe namba PM?

#17 TabibuMstaafu_Raskazone

Usimpe namba.

Sindano hiyo kwa maelezo yako ni steroidi, ama deksamethasoni ama ndugu zake. Zina kazi yake hospitalini na mimi nimezitumia miaka mingi. Ila ukimchoma mtu kabla hajachunguzwa, vidole vinanywea, CRP inaporomoka, na siku anafika kwa daktari bingwa hakuna cha kuona. Anaambiwa mzima. Dawa ikiisha mwilini ugonjwa unarudi, anarudi dukani. Sukari inapanda, presha inapanda, mifupa inalika. Na zile poda za "baridi" zinazouzwa kwenye vikopo bila maandishi, zikikuponya kwa usiku mmoja shuku kwamba zimechanganywa steroidi.

Kama ameshachomwa, amwambie daktari. Akiwa anazitumia mfululizo, asiache ghafla kwa hofu ya uzi huu, zinapunguzwa taratibu kwa maelekezo.

#18 BintiMakorora

Hajachomwa, alhamdulillah. Swali la mwisho kwa leo. Ile Hb 10.2, tulipewa vidonge vya madini ya chuma, kameza, haipandi. Na albumini, protini ya kwenye damu, ilitoka chini kidogo, 31. Shangazi mkubwa ananilaumu simlishi mama mayai.

#19 ChupaNyekundu

Mayai yako hayana kesi.

Ini lina mikono miwili tu. Likiwa limeshika kutengeneza CRP na fibrinojeni, linapunguza albumini. Albumini na wenzake tunaziita protini za kushuka. Kwa hiyo kwenye mchochota wa muda mrefu albumini inashuka hata kwa anayekula vizuri. Waangalie na mkojo, figo lisiwe linavujisha, ila usianze kumshindilia mama mayai.

Damu ndiyo yenye mtego. Ile interlukini-6 inaliamuru ini litoe pia homoni iitwayo hepsidini, na hiyo inafunga milango: chuma cha kwenye chakula hakipiti vizuri utumboni, na kilichomo mwilini kinafungiwa ghalani. Uboho unakosa chuma wakati ghala limejaa. Vidonge vinapita tu. Ugonjwa wenyewe ukitulizwa, Hb hupanda yenyewe mara nyingi.

Lakini anaweza kuwa na yote mawili, chuma kimepungua kweli NA kimefungiwa. Kipimo cha kutofautisha ni feritini, kinachoonyesha akiba ya chuma, nayo ina ujanja: inapanda kwa mchochota. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima mwenye afya feritini ikiwa chini ya 15 hana akiba ya chuma. Kwa mwenye mchochota au maambukizi mstari unasogezwa mpaka 70. Mama akitoka na 40, karatasi itaandika "kawaida", na kwa hali yake si kawaida. Pima feritini na CRP siku moja, damu ya mchomo mmoja, ndipo isomeke.

#20 MkongeMkavu

Haya nimekubali yaishe. Mlonge nauacha uwe mboga.

#21 BintiMakorora

Wakuu narudi na mrejesho, samahani nimechelewa.

Tulipewa rufaa, tukamwona daktari. Hakuanza na karatasi. Alimshika mama kidole kimoja kimoja, akabonyeza, akahesabu vilivyovimba na vinavyouma, akaandika. Kisha akaagiza anti-CCP, picha ya mikono, feritini, ini, figo, na homa ya ini B na C. Anti-CCP imetoka juu sana ingawa RF ilikuwa hasi. Picha bado haina ulaji wa mfupa, akasema tumewahi. Feritini 52, kwa hiyo ni kama alivyosema kaka ChupaNyekundu, chuma anapewa pia.

Ameanzishiwa methotreksati, dawa ya kutuliza kinga, na asidi ya foliki. Kinachonitia wasiwasi: methotreksati imeandikwa MARA MOJA KWA WIKI. Shangazi anasema haiwezekani, dawa gani hiyo, daktari kakosea, apewe kila siku ipone haraka.

#22 TabibuMstaafu_Raskazone

MWANANGU SOMA HAPA. Mara moja kwa wiki ndiyo sahihi. Dawa hii ikimezwa kila siku inaua uboho, vidonda mdomoni, damu inaisha, mtu anafariki. Si utani wala si kumtisha shangazi. Chagueni siku moja, iandikeni kwa kalamu nzito kwenye pakiti, na vidonge vikae kwako, visikae pamoja na vya foliki, vinafanana rangi. Siku akisahau, msimrundikie, piga simu kwa daktari. Pombe hapana. Homa ikija, au vidonda mdomoni, au kikohozi kikavu na kubanwa pumzi, asimeze, apelekwe.

Na asitarajie sokoni siku ya pili kama wa Chumbageni. Inachukua wiki sita mpaka kumi na mbili.

#23 ChupaNyekundu

Naongezea la maabara tu. Mkirudi kupima CRP na ESR, rudini maabara ile ile, kipimo cha mashine na si lateksi, na muombe karatasi iandike mg/L. Siku hiyo hiyo wapime picha kamili ya damu (hesabu ya seli) na vipimo vya ini kwa ajili ya methotreksati. Kama ana mafua au jino linauma wiki hiyo, subirini lipite au mwambieni daktari, namba itapanda bure. Kufunga si lazima, CRP haijali chai.

#24 BintiMakorora

Asanteni sana. Tumechagua Jumatatu, maana Ijumaa mama ana pilika za wageni anaweza kusahau. Shangazi nimemsomea #22 kwa sauti, kanyamaza. Pakiti ninayo mimi.

#25 MuhezaKwaMachungwa

Kaka ChupaNyekundu, hizo mashine za mg/L kwa huku Muheza zipo, au mpaka tushuke mjini?

#26 ChupaNyekundu

Piga simu kwanza kabla ya kupanda daladala, uliza hivi: "CRP yenu inatoa namba kamili au inatoa chanya na hasi?" Wakijibu chanya na hasi, hiyo ni lateksi. Kwa goti la mdogo wako ni bora kuliko kukaa bila, ila goti likivimba na kuwa la moto tena, au homa ikija, usisubiri kipimo chochote.